Mkono Usiosikia

Kama unasoma maneno haya huku mkono mmoja umeukalia ili watu wasiuone unavyotikisika, nakujua. Mimi niliukalia wa kulia kwenye mabenchi ya hospitali mpaka vidole vikafa ganzi. Usione haya. Wala usitarajie nikupe pole nyingi, maana pole nilipewa na kila mtu, na zingekuwa dawa sasa hivi ningekuwa nacheza ngoma. Nitakueleza yaliyonipata, na hasa lile nililolijua nikiwa nimechelewa, ili wewe usichelewe.

Naitwa Kabula, ila Segese yote wananiita Mama Milembe, kwa jina la binti yangu wa pekee. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuchoma dhahabu. Wachimbaji wakishasaga mawe na kuyaosha wanatia zebaki, nayo inakamata chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge hilo wanalipeleka kwa mnunuzi, na mnunuzi lazima alichome ili zebaki iruke, ibaki dhahabu tupu. Mnunuzi wetu tulimwita Bosi. Yeye alikaa chumba cha mbele na mzani wake, mimi chumba cha nyuma na jiko la mkaa. Dirisha la chumba hicho alilizibisha kwa matofali kwa kuogopa wezi. Moshi ule hauna harufu. Ungenuka hata kidogo, ningekimbia siku ya kwanza.

Kinga yetu ilikuwa maziwa. Huku kwetu kila anayegusa zebaki anajua kwamba maziwa yanaikamata na kuitoa tumboni. Sijui nani alianzisha, lakini hata mtoto wa darasa la kwanza atakuambia. Bosi kwa hilo alikuwa mwaminifu: kila jioni alinipa chupa ya maziwa mgando. Na mimi, mama mwenye mtoto anayekua, unadhani niliyanywa? Niliyafunga kwenye kanga nikampelekea Milembe. Ulishike hilo la maziwa, maana nilikuja kutukanwa nalo.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Niliamka na ladha ya bati ulimini, chai haina ladha, samaki hana ladha. Fizi zikawa zinatoka damu, na jino moja likalegea mpaka nikaling'oa mwenyewe kwa vidole nikiwa namenya viazi. Kisha usingizi ukanihama. Kisha ikaja aibu isiyo na sababu: mimi niliyekuwa nabishana na wachimbaji wenye nyundo mkononi, sasa nikisikia hodi najificha nyuma ya mlango. Kisha hasira. Nilimfokea kuku. Nilimfokea mama wa watu sokoni kwa kunisalimia mara mbili. Mkono ulikuja mwisho kabisa.

Na mkono wenyewe ulikuwa na ujanja. Ukilala pajani unatulia, ukitaka kushika kitu ndipo unaanza. Kadiri ninavyokitaka ndivyo unavyozidi. Kufunga kifungo cha sketi ya chekechea ya Milembe ikawa kazi ya kutoka jasho, na yeye anasimama kimya, kidevu juu, ananisubiri.

Segese hawakuhangaika kutafuta sababu. Mtu anayetetemeka mkono asubuhi ni mlevi wa gongo, yameisha. Jirani yangu alinivuta pembeni kisimani akaniambia kwa huruma kabisa, "Mama Milembe, punguza basi, mtoto bado mdogo." Mimi ambaye hata togwa ikichacha kidogo siinywi.

Sasa nikueleze kuhusu mume wangu na Wastoiko wake. Alikwenda semina ya walimu Shinyanga mjini, akarudi na dini isiyo na kanisa. Mtu mmoja huko alikuwa amewaeleza habari za Wastoiko, watu wa kale wa Uyunani, waliofundisha kwamba mambo ya dunia yako mafungu mawili: yaliyo ndani ya uwezo wako na yasiyo ndani ya uwezo wako. Mvua, bei ya pamba, ulimi wa jirani, hata mwili wako mwenyewe, vyote si vyako, viache. Chako ni kimoja tu, namna unavyoyapokea. Akapakua kwenye simu sauti za jamaa mmoja mwenye koo zito akieleza mambo hayo hayo, akawa anazisikiliza akinyoa ndevu. Akaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba chetu: LIKO AU HALIKO? Yaani kila ukitoka ujiulize.

Mwanzoni nilicheka, na kusema kweli nilifurahi kidogo, maana zamani alikuwa mtu wa kufoka. Sukari ikiisha, "Haliko." Mvua ikivuja juu ya kitanda, "Haliko," naye anasogeza godoro. Nikamwambia, Baba Milembe, bati liko, misumari iko, nyundo iko, na mikono yako iko. Akatabasamu. Tabasamu hilo nilikuja kulichukia kuliko ugonjwa.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nampa Milembe uji. Kikombe kilikuwa kimejaa, na uji ulikuwa umetoka jikoni sasa hivi. Mkono ukaruka. Uji wote ukamwagikia pajani kwake, ukanata. Sitaki kueleza sauti aliyotoa. Baba yake alimbeba mpaka zahanati bila kubadilisha uso, akarudi naye amefungwa bendeji, akaniambia, "Yaliyopita hayako tena." Nilitamani anipige kuliko kuniambia vile.

Habari zikafika Kagongwa kwa mama mkwe wangu kabla bendeji haijabadilishwa. Akaja na mdogo wake wa kiume. Kwetu sisi mkwe akifika huna neno la kusema kabla hujapiga magoti ukampa maji ya kunywa kwa mikono miwili. Maji ndiyo salamu yenyewe. Nikachota kwenye mtungi kwa kata ya kibuyu, nikapiga magoti. Unakumbuka nilivyosema, kadiri ninavyotaka ndivyo unavyozidi. Nusu ya maji ilimwagikia kanga yake, nusu nyingine ikaenda chini.

Alikung'uta kanga taratibu. Hakufoka, afadhali angefoka. Akasema, "Ng'ombe wetu walitoka kwa ajili ya nyumba hii, na mtoto huyu ni wa ng'ombe hao. Siwezi kumwacha aungue mara ya pili. Lakini mimi si mwizi wa watoto. Kabula, siku utakayonipa maji yakanifikia, utamchukua."

Nikamwangalia mume wangu. Mama ni wake, mtoto ni wake, nyumba ni yake. Akasema, "Uamuzi wa mama hauko ndani ya uwezo wetu." Nikamuuliza kama mdomo wake nao hauko ndani ya uwezo wake. Akatabasamu lile tabasamu. Milembe akaondoka begani kwa babu yake mdogo, akinipungia mkono, akidhani anakwenda kutembea.

Tangu siku ile sikutaka kupona ili nipone. Nilitaka mkono wa kubeba maji.

Kahama walinipima malaria, wakanipima taifodi, wakanipima mkojo, wakanipa dawa za vyote vitatu. Nesi mmoja aliniuliza nakunywa pombe kiasi gani kwa siku, na nilipokana akamwangalia mwenzake. Nilikwenda tena, na tena, mpaka mpunga ukapandikizwa majarubani na ukaanza kukolea. Siku moja nikaangukia kwa daktari kijana, amechoka, anapiga miayo. Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Unafanya kazi gani, mama?" Nikamwambia. Miayo ikakatika.

Akanipeleka Mwanza, hospitali ya rufaa. Kabla ya kwenda alitaka nikusanye mkojo wangu wote wa kutwa na kucha kwenye dumu moja, nisipoteze hata tone. Basi nikapanda basi la Mwanza nimepakata dumu langu mapajani, limefungwa kwa nailoni, mkono unalitikisa mpaka linatoa povu. Mama aliyekaa kando yangu akaliangalia sana, mwisho akauliza, "Asali hiyo ni ya nyuki wadogo?" Nikamwambia ni ya nyuki wakubwa. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyocheka masika ile yote.

Mwanza ndipo nilipojifunza benchi. Usiulize zamu yako. Beba kanga ya kukalia, maana saruji inapanda mpaka kiunoni. Usikae karibu na mlango wa daktari, utahesabu kila anayepita mbele yako kwa kujuana na utaingia ndani na presha. Na hapo kwenye benchi, nakwambia kweli ingawa inaniuma kumpa sifa mume wangu, ndipo nilipoanza kuwatumia Wastoiko. Wao, alivyonieleza, walikuwa wakiamka asubuhi wanajiambia mabaya yote yatakayowapata siku hiyo. Nikajaribu. Leo daktari hatakuja. Leo mashine itakuwa mbovu. Leo faili langu litakuwa limepotea na mtu wa masjala atanijibu akitafuna karanga. Basi likitokea moja tu kati ya hayo, najiona nimepata. Si furaha, usidanganyike. Ila inakupunguzia kulia mbele za watu.

Palikuwa na mama mmoja aliyeuza chai kwenye ua wa hospitali, chupa mbili za chai na ndoo ya maandazi. Siku ya kwanza aliniona ninavyoukalia mkono. Hakuniuliza kitu. Akanimiminia kikombe, akaishia nusu, akanipa. "Hiyo ni nusu ya kwanza," akasema. "Ukimaliza niite, chai haikimbii." Nikanywa chai ya moto bila kujiunguza kwa mara ya kwanza tangu masika ianze. Kila nilipokwenda alifanya hivyo hivyo. Sikuwahi kumshukuru sawasawa.

Majibu yalirudi: zebaki, tena nyingi. Nikapewa vidonge vinavyonuka kama yai viza. Unavimeza kwa wiki kadhaa, unapumzika, unaanza tena. Jasho langu likanuka, mkojo ukanuka, kitanda kikanuka. Baba Milembe akahamia kwenye mkeka sebuleni, kwa utulivu mkubwa. Nywele za mbele zikatoka na kitana.

Daktari alinieleza kwamba madini yale yanaingia mpaka kichwani, na kwamba hasira na ile aibu ya kujificha ni kazi yake. Nilirudi Segese na neno hilo nimelishika. Nikamkuta mume wangu anasahihisha madaftari. Nikamwambia, "Wastoiko wako wanasema mwili si wangu, sawa. Lakini wanasema moyo na fikra ni zangu, hapo ndipo nguvu yangu ilipo. Sasa zebaki imeingia mpaka huko. Nikikukasirikia leo, anayekasirika ni mimi au ni zebaki? Liko au haliko?" Akashika kalamu nyekundu juu ya daftari la mtoto wa watu. Akasema atalitafuta jibu. Mpaka leo analitafuta.

Nilikwenda kwa Bosi pia, kumweleza azibue lile dirisha. Alinikaribisha vizuri, akaniagizia soda. Akaniambia, "Mama Milembe, wenzako mbona hawaumwi? Wewe maziwa ulikuwa hunywi. Nilikuwa najua unayabeba." Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyeibiwa. Kwenye kigoda changu kule nyuma alikuwa amekaa msichana wa kutoka Ushirombo, anachekacheka, chupa ya maziwa iko miguuni. Nikamwonyesha mkono wangu. Akaacha kucheka, lakini hakuinuka. Nyumbani kwao nao wanakula.

Na mama mkwe wangu, tangu amchukue mtoto, akawa ananitumia maziwa. Kila wiki kibuyu kimoja, kwa gari linalotoka Kagongwa, bila neno, bila salamu. Habari za mimi kutokunywa maziwa zilikuwa zimemfikia. Kibuyu cha kwanza nilikiona kama kibao cha uso, nikampa jirani. Cha pili vilevile. Nilipokonda mpaka pete ikawa inaanguka, nikaanza kuyanywa, nikimtukana moyoni kila funda. Daktari alikuwa ameniambia maziwa ni chakula, si dawa ya zebaki. Basi nilikula.

Awamu ya kwanza ya vidonge iliisha wakati wa mavuno. Mdomo ulikuwa umeanza kuonja chumvi, usingizi ulikuwa unakuja kwa vipande, na mkono nikajidanganya umetulia. Nikaenda Kagongwa. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai kila ua, hata njia imezibwa. Milembe akanirukia shingoni, akaniambia wana mbuzi mwenye kidonda. Nikamsalimia mama mkwe, nikaomba nimpe maji. Nikachota kata ikajaa pomoni, maji yakasimama ukingoni. Nilitaka aone. Nilitaka Kagongwa nzima ione kwamba mlevi wa gongo wa Segese ni mzima.

Sikufika hata katikati ya ua. Nilipopiga magoti kata ilikuwa imebaki na funda moja, na mikono yangu inachuruzika mpaka viwikoni. Mama mkwe aliniangalia, akaangalia kata, akasema, "Pole." Milembe akashikwa mkono akapelekwa kuangalia mbuzi. Nilirudi nyumbani na nguo mbichi.

Baba Milembe sikumwomba aende kumwona mtoto, nilidhani ataenda mwenyewe. Hakwenda. Alisema kumtembelea kutamchanganya mtoto, na kwamba mtu mwenye hekima hajichoshi na lisilo lake. Kutoka hapa mpaka Kagongwa ni safari ya asubuhi kwenda na jioni kurudi.

Kiangazi kikapita na awamu ya pili, vumbi la malori ya mgodini likitanda juu ya kila kitu. Awamu ya tatu iliisha mvua za kwanza zikinukia. Daktari akanipima upya, akafurahi. Zebaki imeshuka sana, akasema, fizi zimepona, uzito umerudi. Nikamuuliza mkono. Akachora mstari kwenye karatasi, akanipa kalamu na mimi nichore. Wake ulinyooka. Wangu ulikwenda kama njia ya siafu. Akasema, "Mama, nadhani hapa ndipo tulipofika. Utapungua kidogo labda. Lakini mkono wa zamani haurudi."

Nilikaa pale benchi mpaka wanafagia. Wenzangu walilia kwa kuambiwa watakufa. Mimi niliambiwa nimepona, na maana yake ilikuwa Milembe harudi. Mama wa chai siku hiyo hakuwepo.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu. Akazima simu yake, akaniangalia kwa upole, akasema kuna neno moja la Wastoiko alikuwa ameliweka kwa ajili ya siku kama hiyo: mtu asiishie kuvumilia fungu lake, alipende.

Nilichukua ile simu nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nikamuuliza, "Liko au haliko?"

Alikimbia. Mwanamume yule, niliyemwona akitembea taratibu mwanawe akichukuliwa, aliruka kigoda, akaingiza mkono mpaka bega, akaitoa simu akaifuta kwa shati, akaitia kwenye mchele, akapiga magoti pale akiipuliza. Nikamtazama. Nikamwambia, "Kumbe unaweza kukimbia." Na kama unataka kujua, hasira ile haikuwa ya zebaki. Ilikuwa yangu yote.

Nikatoka nje nikakaa nyuma ya nyumba, nikaona nimebaki na Wastoiko peke yangu, bila yeye. Nikasema basi, nichague mwenyewe. Mkono hauko ndani ya uwezo wangu, hilo daktari amelipigia mhuri. Mama mkwe hayuko. Mume hayuko, huyo ndiyo kabisa. Kuna nini kilichobaki kati ya mtungi na mdomo wa mama mkwe ambacho ni changu? Kwenda ni kwangu. Kupiga magoti ni kwangu. Kisha nikakumbuka ile chai ya nusu. Mkono si wangu, lakini kiasi cha maji ni changu. Nikakasirika upya, kwa sababu lilikuwa jambo dogo mno kwa muda wote ule.

Nikaenda Kagongwa kesho yake. Mama mkwe alikuwa barazani anapepeta mchele. Milembe alikuwa ameota meno ya mbele, mawili, makubwa. Hakunirukia. Alipiga magoti mbali, kichwa chini, akasema, "Mwadila, mayu." Ni salamu nzuri ya mchana, na mayu kwa Kisukuma ni mama, lakini ndivyo anavyoitwa mwanamke yeyote mzima anayepita njiani. Kisha akaniletea kigoda, kama anavyoletewa mgeni. Nilikaa juu yake, nikajiambia nitalia baadaye.

"Mama," nikasema, "naomba nikupe maji."

Akaweka ungo chini. "Nipe."

Nikachota. Kata ilipofika nusu nikaizuia. Haikuwa rahisi, maana kumpa mkwe maji nusu kwetu ni kama kumwambia umekuja vibaya, na mkono kwa mazoea ulitaka kuzama mpaka kwenye mpini. Nikatembea. Maji yakapanda ukingo huu, yakapanda ukingo ule, yakarudi ndani. Nikapiga magoti, mikono miwili. Akapokea, akachungulia.

"Nusu," akasema.

"Hiyo ya kwanza, mama. Ya pili inakuja."

Akanywa taratibu, macho yakiwa kwangu. Nikarudi mtungini nikaleta ya pili, akanywa na hiyo. Akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Kabula," akasema, "mimi nilisema maji yanifikie. Kuna mtu alisema yajae?"

Akanirudishia kata tupu.

"Wakati wa mavuno ulikuja hapa ukajaza pomoni. Nikajisemea, huyu amekuja kunionyesha kwamba hajawahi kuugua. Mtu anayeficha ugonjwa atamuunguza mtoto tena. Ungeniletea hata funda moja, ukaniambia mama, mkono wangu unaishia hapa, ungeondoka naye siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumng'ata. Kiangazi kizima, mama. Meno mawili yameota mimi sipo. Akainuka kwenda kufunga nguo za mtoto, na mlangoni akageuka kuniuliza kama yale maziwa nilikuwa nayanywa. Nikamwambia nilikunywa. "Nimeona," akasema, "yamekusaidia." Sikubisha.

Hilo ndilo nililotaka ulijue wewe uliyekalia mkono wako. Utaambiwa uvumilie, utaambiwa ukubali, na wengi watakaokuambia hivyo wanataka tu nyumba iwe na utulivu wasikie redio. Kubali mkono, ndiyo. Lakini ukishaukubali, inuka uangalie ni nini kimebaki, na ukiangalie mapema. Na anayekupenda muulize anataka kata kiasi gani. Mimi sikuuliza, na hakuna wa kunirudishia ule mwaka.

Tulifika Segese jioni, jua bado liko. Njia nzima Milembe alikuwa akinijibu kwa Kisukuma, Kiswahili alikuwa amekiacha huko. Baba yake alirudi kutoka shule, chaki kwenye vidole, akamwona amekaa kwenye mkeka. Akasimama mlangoni. Nikaona tabasamu lile linajiandaa.

Milembe akapiga magoti, kichwa chini, kama alivyofundishwa. Huko Kagongwa bibi yake humtaja mwanawe kwa jina moja tu, na yeye alikuwa amelisikia hilo hilo mwaka mzima.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Alijibu marahaba. Midomo ikajaribu kutabasamu ikashindwa, ikaanza kucheza kama mkono wangu. Akageuka akatoka, akazunguka nyuma ya jiko, na huko tukamsikia, kilio cha mtu mzima, cha kukwamakwama. Milembe akaniuliza kwa Kisukuma kwa nini mwalimu analia. Nikamwambia ameona jambo lililokuwa ndani ya uwezo wake.

Sikumfuata. Niliwasha moto, nikakoroga uji, nikaumimina kwenye kikombe cha Milembe, nikaishia nusu. Nikamwambia hiyo ni nusu ya kwanza.